Viraba vya Papa Grégoire

Papa Grégoire aliuliza mlango.

"Mlango," akasema, "ule mchezo wa wasichana, wa kurusha kijiwe juu na kuokota vingine kabla hakijarudi, kwao huyu binti wanauita nini?"

Mlango haukusema kitu. Mimi nilikuwa upande wa pili, jikoni, napepea makaa kwenye mbabula, na huyo binti ni mimi. Niliinuka nikafuta mikono. Sikumtazama. Niliitazama sufuria ya maharagwe, nikaiambia:

"Sufuria, kwetu tuliuita Bibi-amelala."

Kisha nikasikia chaki ikigonga kibao, tok, tok, tok, polepole, kama mtu anayehesabu herufi moja moja. Halafu akatoa ile sauti yake.

"Hm."

Akaenda zake.

Hiyo "Hm" njo ilinitesa. Haikuwa ndiyo, haikuwa hapana. Ningeweza kulala nayo na kuamka nayo bila kujua imebeba nini.

Katika familia zetu, binti anayeposwa hasemeshani na baba mkwe mpaka haya iondolewe. Watu wa pande mbili wanakubaliana kwanza, kisha baba mkwe anapeleka kuku kwa wazazi wa binti, na kuanzia hapo midomo inafunguka. Kabla ya kuku hakuna kuongea, hakuna kutazamana usoni, hakuna kupeana kitu mkono kwa mkono. Kukiwa na neno la lazima, linaambiwa kitu kilicho karibu: mlango, sufuria, mbuzi anayepita. Kitu kinasemeshwa, mtu anasikia.

Kwa kawaida si taabu, kwa sababu binti anakaa kwao. Taabu yangu ni kwamba nilikuwa ndani ya nyumba ile. Mama Marceline, mama wa mchumba wangu, aliteleza kwenye matope ya soko la samaki, amebeba beseni, akavunjika mguu. Binti yake mmoja ameolewa mbali, Kabalo. Mchumba wangu mwenyewe, Jovial, alikuwa Manono akibeba watu kwa pikipiki. Mama Marceline akatuma ujumbe kwa mjomba wangu Prospère, ninayekaa kwake hapa mjini badala ya wazazi: niazimeni huyo mutoto mpaka mguu ushike. Mjomba hakufikiri mara mbili. Aliniambia, "Enda, Ketsia. Binti ambaye bugali yake imeshaliwa ni vigumu kumrudisha."

Maana kurudishwa kulikuwapo. Papa Grégoire hakuwa amenikubali. Alimtaka Laure, binti wa mkuu wa sekondari moja hapa Kalemie, mwenye diploma, anayejua kuandika barua ya Kifaransa na kuigongea muhuri. Mimi nilifika darasa la sita la primeri, na vita ikafika na yenyewe. Mjomba alikuwa ameambiwa asubiri: baada ya jubilee ya parokia aje apewe jibu. Kama jibu ni hapana, nitafunga vikwembe vyangu, vitenge nilivyokuja navyo, na Jovial atafanya anavyoambiwa, kwa sababu Jovial ni mtu mwema lakini baba yake akikohoa yeye ndiye anayesema samahani.

Na sasa hivi viraba.

Papa Grégoire alikuwa karani wa mizigo stesheni, siku ambazo treni zilikuwa na saa. Alipostaafu akaanza kutengeneza mokruwaze, yale maneno yanayopishana kwenye vyumba vidogo, moja linalala, moja linasimama, yanachangia herufi. Sisi parokiani tunasema viraba tu. Kila Jumapili baada ya misa ya pili anavichora kwa chaki kwenye ubao mkubwa nje ya ukumbi, chini yake anaandika maelezo, na watu wanasimama pale wakipiga kelele za majibu kama wako mnadani. Wengine, nasema kweli, wanakuja misa kwa sababu ya viraba. Kwa jubilee, Padri Wilfried alimwomba viraba vya pekee: vyakula vya zamani, michezo ya zamani, mambo ya wazee.

Ndipo akaanza kuuliza mlango.

Mara ya kwanza aliuliza juu ya chakula. Mbegu za maboga zimekaangwa, zimetwangwa, zimechanganywa na ndakala, vile visamaki vikavu, zikafungwa kwenye jani na kupikwa kwa mvuke. Nilikijua. Nilikila tangu sina meno, kwa mkono wa bibi yangu Odile, huko Nyunzu, ambaye ndiye alinilea. Nikaiambia sufuria, "Kwetu ni Nyamaza."

"Hm."

Nikamfuata Mama Marceline kitandani. Na mama mkwe tunaongea, hilo halina kizuizi.

"Mama, Papa ananijaribu?"

Alicheka mpaka akashika mguu. "Unaniuliza mimi? Nimezaa naye watoto, na mpaka leo sijui kama anapenda chumvi nyingi au kidogo."

Aliyenijibu bila kusita ni Tantine Bertille, dada yake Papa Grégoire, mjane, ambaye nyumba yake ni ya jirani lakini kinywa chake kinakaa kwetu. "Anakupima," alisema akivua kandambili. "Wewe humjui. Kaka yangu hanunui hata nyanya bila kuiuliza maswali. Wanasema umelelewa na bibi wa kizamani, hukusoma sana. Sasa anataka kujua: kama shule hakuna, desturi iko? Jibu vizuri, mutoto. Jibu kama uko mbele ya inspekta."

Basi nikawa najibu kama niko mbele ya inspekta. Lakini mimi ni mtu wa kuangalia, na nilivyoangalia ndivyo nilivyozidi kutoelewa. Mtu anayekupima anajua jibu, sivyo? Mwalimu wetu wa zamani, ukikosea, uso wake ulikuwa unajua kabla yako. Papa Grégoire alikuwa anasimama nyuma ya mlango, nikimwona kwenye ufa upande wa bawaba, kichwa kimeinama, vidole vinahesabu: nya-ma-za. Midomo inatembea. Siku moja akarudi baada ya kuondoka, akauambia mlango, "Na hiyo Nyamaza inatiwa chumvi kabla au baada ya kufungwa?" Nikajibu kabla. "Hm." Anayepima anataka chumvi ya nini?

Nilimwambia Jovial kwenye simu. Network ya Manono inakuja na kwenda.

"Baba amesemaje?"

"Amesema Hm."

"Hm ya juu ao Hm ya chini?"

"Sijui, Jovial. Ya katikati."

"Ya katikati..." Akakatika. Nilibaki nimeshika simu, nikijiuliza kama ya katikati ni mbaya.

Swali la mwisho lilikuwa la ngoma. Si ngoma ya kupigwa; ile ya kupiga makofi, wanawake wamekaa chini, wawili wawili, magoti yanagusana, kofi linapita kwa jirani na kurudi. Bibi Odile alitufundisha tulipokuwa tunamenya mihogo. "Sufuria," nikasema, "hiyo ni Niemba." Maana bibi alitokea Niemba kabla ya kuolewa Nyunzu, na sisi nyumbani tulisema tu, njooni tucheze Niemba.

Safari hii hakusema hata Hm. Nikasikia chaki inavunjika, inaanguka, inaokotwa. Halafu akaondoka haraka, na kupitia kwenye ufa nikaona anatabasamu. Nilikaa juu ya kiti kidogo cha jikoni. Mtu anatabasamu akiona umefaulu, na mtu anatabasamu akiona umenasa.

Jumapili ya jubilee nilikwenda misa nyuma ya Tantine Bertille. Mama Marceline alibebwa kwa kiti. Baada ya misa, watu walijaa mbele ya ule ubao mpaka barabarani, wanakwaya wamevaa kikwembe kimoja, watoto wamepanda dirisha la ukumbi. Padri Wilfried aliwaambia Papa Grégoire amefanya kazi kubwa, amechimba kwa wazee wa bara, na viraba hivi ndivyo zawadi yake kwa parokia. Papa Grégoire alikuwa amevaa koti lake la stesheni. Alishika chaki kama mtu anayeshika tiketi ya mwisho.

Mwanzo ulikwenda vizuri. "Kinywaji cha mizizi, kitamu, hata mutoto anakunywa!" Watu wote: "Munkoyo!" Akaandika. "Mchezo wa mashimo na mbegu!" Wanaume: "Kisolo!" Akaandika. Watu wakapiga makofi. Nilianza kupumua.

Kisha akasoma: "Mbegu za maboga na ndakala, ndani ya jani. Herufi saba. Ya nne ni M, tumeipata kwa munkoyo."

Mama Cécile wa Moba, ambaye sauti yake inafika kabla yake, akataja jina la kwao milimani. Papa Grégoire akahesabu. "Herufi tano, Mama. Viraba viwili vinabaki bila mpangaji."

Katekista, Papa Éliézer, mtu wa ziwani, akainua mkono na kutaja jina la kwao. "Linazidi," Papa Grégoire akasema, "linatoka nje ya ubao."

"Basi ongeza viraba!"

"Viraba haviongezwi, Papa Éliézer. Si mabenchi ya kanisa."

Watu wakacheka. Wakataja tena. Kila mmoja ana lake, la mama yake, la kijiji chake, na hakuna hata moja lililokaa. Wakarukia mchezo wa vijiwe, herufi kumi na moja. Hapo kelele zikawa kubwa zaidi, kwa sababu hakuna aliyejua mchezo wenye jina refu vile. "Huo si mchezo, ni jina la kampuni!" Wakajaribu ngoma ya makofi, herufi sita, inaanza na N. Wapi. Wazee wakaanza kutazamana kama watu walioambiwa kwamba hawakuzaliwa pale walipozaliwa.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nguzo. Nilitaka kupiga kelele: ni Nyamaza! ni Bibi-amelala! Lakini sikuelewa. Watu wazima wote hawa, wenye mvi, inawezekanaje hawajui kitu ambacho mimi nilikijua kabla ya kujua kufunga kikwembe? Nilifikiri, wanafanya makusudi. Nilifikiri, ni sehemu ya mchezo. Nilifikiri hata kwamba Papa Grégoire amewaambia wasijibu ili anione.

"Mumeshindwa?" akauliza, na furaha yake ilikuwa wazi. "Basi tazameni."

Akaandika NYAMAZA. Akaandika BIBIAMELALA. Akaandika NIEMBA. Chaki ikalia.

Kisha mtoto mmoja dirishani akasoma kwa sauti, "Bi-bi-a-me-la-la," na kicheko kikaanguka juu yetu kama bati.

"Bibi gani?"

"Muache alale!"

"Papa Grégoire, kesho utatuandikia Babu-anakoroma?"

Yeye hakucheka. "Mnacheka kwa sababu mmesahau," alisema. "Haya ni maneno ya ndani. Ya watu wa reli ya Nyunzu."

"Nyunzu ya wapi?" Aliyeuliza alisukuma watu akatoka mbele: Mama Éliane, muuza mafuta ya mawese, mtu mkubwa, mpole siku zote. "Papa, mimi nimezaliwa Nyunzu. Nimeolewa Nyunzu. Nimekimbia Nyunzu. Hiyo Nyamaza hatukuikula. Chakula tulikikula, ndiyo. Lakini jina hilo silijui, mama yangu hakulijua, na Niemba ni kijiji, si ngoma."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliuma.

Nilimwona Papa Grégoire akiutazama ubao wake. Nimesema mimi ni mtu wa kuangalia: uso wake haukuwa wa mwalimu. Ulikuwa uso wa mtu aliyeshika kamba akidhani upande wa pili umefungwa. Hapo njo nikajua kwamba hakuwa ananipima hata siku moja. Alikuwa hajui. Alikuwa anauliza kweli.

Na yeye, mbele ya parokia nzima, akageuka. Hakutafuta mlango, wala nguzo, wala benchi. Alinitazama machoni.

"Wewe, mutoto," akasema. "Haya maneno umeyatoa wapi?"

Watu wa desturi walishtuka, nikasikia pumzi zao. Mama Marceline juu ya kiti chake akaweka mkono mdomoni. Tantine Bertille akasema, si kwa sauti ndogo, "Yesu. Kaka amevunja haya."

Mimi sikujua la kufanya. Nikimjibu, nami nimevunja, na binti anayevunja haya kabla ya kuku wanasema hana kwao. Nisipojibu, ninamwacha mtu mzima peke yake mbele ya kicheko, na kicheko hicho kimetoka kinywani mwangu. Niliangalia kushoto, niliangalia kulia. Nilikwenda mpaka ubaoni. Watu wakanipisha. Nikasimama mgongo kwao, na nikauambia ule ubao:

"Ubao, hayo maneno ni ya kwetu."

"Kwenu wapi?" akauliza nyuma yangu. Alikuwa amekwisha kusahau kila kitu, alitaka jibu tu.

Nilifungua mdomo niseme Nyunzu. Lakini Mama Éliane alikuwa amesimama pale, na Nyunzu yake nzima. Nikaanza kutafuta kwetu ni wapi. Nyamaza: kwa sababu bibi alitupa hicho chakula tukilia, akasema nyamaza, kula. Bibi-amelala: kwa sababu tuliucheza mchana akiwa amejinyoosha kwenye mkeka, na aliyeangusha kijiwe kwa kelele alifukuzwa. Niemba: kwa sababu ya kwao. Nilikuwa najua sababu zote hizo. Nilizijua siku zote. Sikuwahi kuziweka pamoja nikaona zinasema nini.

"Ubao," nikasema, "ni ya nyumba yetu. Ya bibi yangu Odile. Nilifikiri kila mtu anasema hivyo. Bibi alikufia hapa, kwenye kambi ya deplase, sisi tuliokimbia vita. Ndugu zangu wawili tulipoteana njiani tulipokimbia. Basi..." Sikujua sentensi inamalizikaje. "Basi nafikiri nimebaki mimi tu ninayesema hivyo."

Hakuna aliyecheka tena, lakini hakuna aliyejua pia afanye nini. Padri Wilfried alikohoa. Mama Cécile wa Moba alisema, kwa upole kadiri anavyoweza, "Pole, mama. Lakini kwa jubilee ni lazima tufute, si vile? Tuweke ya watu wote."

Papa Éliézer akachukua kitambaa. Papa Grégoire akaweka mkono juu ya ubao.

"Usiguse."

"Papa Grégoire, ni ya nyumba moja."

"Unaona hii M? Munkoyo imekaa juu yake. Unaona hii L? Ni ya kisolo. Ukitoa ya mutoto, na yangu inaanguka. Nilivijenga pamoja. Havitoki."

"Basi tutaita hiki chakula Nyamaza mpaka mwisho wa dunia?"

"Mpaka Jumapili ijayo," akasema.

Akavaa kofia. Ndipo Tantine Bertille, ambaye amemsubiri kaka yake akosee tangu utoto wao, akamzuia njia.

"Kaka. Umemsemesha binti. Mara mbili. Watu wote wamesikia."

"Nimesikia na mimi."

"Sasa sikia tena. Haya iko kati ya wakwe tu. Kama huyu ni mkwe wako, umevunja, unadaiwa kuku, na leo leo. Kama si mkwe wako, hakuna haya, hakuna kuku. Wewe ni mzee tu uliyemfokea binti wa watu mbele ya kanisa. Chagua."

Watu walisogea karibu. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilisogea. Papa Grégoire alimtazama dada yake, akautazama ubao, hakunitazama mimi.

"Hm," akasema, na akaondoka.

Nyumbani nilimpikia Mama Marceline, nikaanza kukunja vikwembe. Nilikunja viwili, nikavikunjua, kwa sababu sikujua. Nikavikunja tena. Tantine Bertille alikuwa mlangoni anasema nimeshinda. Mama Marceline alisema tusubiri. Papa Grégoire hakuwapo.

Simu ikalia. Ni mjomba Prospère.

"Ketsia, kuna jogoo hapa kwangu."

"Jogoo gani, mjomba?"

"Ninakuuliza wewe! Amekuja yule baba yake Jovial, amevaa koti, ameshika jogoo kwa miguu. Amemweka uani, amesema, 'Huyu ni wa asubuhi ya leo,' akageuka akaenda. Hata maji hakunywa. Sasa ni jogoo wa nini? Wa haya, ao wa faini? Kama ni wa faini, shangazi yako tayari ameweka maji motoni. Kama ni wa haya, lazima akae mpaka wazee waje wamwone. Niambie haraka, maji yanachemka."

"Sijui, mjomba."

"Utakosaje kujua? Si wewe unayeolewa?"

Hata hilo sikulijua. Nilimwambia ashushe maji kwanza.

Papa Grégoire alirudi jua limeanza kulegea. Alikuwa na unyoya mmoja kwenye mkono wa koti. Hakusimama nyuma ya mlango. Aliingia jikoni, mahali ambapo sijawahi kumwona, akatafuta kiti, akakuta kile kidogo, akakikalia, magoti yakafika kifuani.

"Ketsia," akasema.

Lilikuwa jina langu, lakini kinywani mwake lilikuwa la mtu mwingine. Nilijua sasa naruhusiwa kujibu. Sikujua naanza na neno gani.

"Abee, Papa."

"Kaa."

Nilikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Tulitazama mbabula wote wawili. Wiki zote zile tulikuwa na mengi ya kuambia vitu, na sasa vitu vimeondoka katikati, hatukuwa na kitu.

"Mimi nimelelewa kambi ya reli," akasema mwishowe, akiambia makaa, kisha akajikumbuka na kugeuka kwangu. "Padri aliponiomba mambo ya wazee nilimjibu, hayo nayajua. Sijui hata kimoja. Sisi tulikula wali na sardini za kopo. Baba yangu alisema vyakula vya kijijini ni vya kijijini. Nikaona wewe, umetoka ndani, huko bara, umelelewa na bibi. Nikasema, huyu anajua."

"Mimi nilifikiri Papa ananipima."

"Kukupima na nini? Kipimo nilikuwa sina."

Sikujua kama ni ruhusa kucheka. Sikucheka.

"Basi Laure..." nikaanza, na nikajutia kuanza.

"Laure nilimwuliza kwanza," akasema. "Alinijibu kwa Kifaransa. Majibu mazuri sana. Hayakuwa ya chakula." Akasugua goti. "Kuku nimempeleka."

"Mjomba anauliza ni wa nini."

Nilidhani atasema Hm.

"Sijui," akasema. "Nimeondoka hapa nikisema ni wa faini. Nimefika kule, nikaona nimevaa koti. Mtu havai koti kwa faini. Mwambie mjomba wako amweke hai."

Nilisema ndiyo, Papa. Sikuwa na hakika kama hivyo ndivyo mtu anavyokubaliwa. Nilidhani kutakuwa na wazee, na kinywaji, na mtu anasema kwa sauti. Hapa kulikuwa na mzee juu ya kiti kidogo na chaki kwenye kucha.

"Mama yangu naye," akasema, kama anaendeleza kitu ambacho hatukuwa tumekianza, "alikuwa na chakula. Wali wa jana, umegandia chini ya sufuria, anaumwagia mafuta ya lile kopo la sardini, anaupasha moto mpaka unalia. Tulikula baba akiwa hajarudi. Tulikuwa tunakiita Treni-imechelewa."

Alinitazama. Alisubiri.

"Umewahi kusikia?"

"Hapana, Papa."

"Hata mimi, sijawahi kumsikia mtu mwingine anasema hivyo." Alikunja uso. "Nilifikiri kila mtu..."

Hakumaliza. Kutoka chumbani Mama Marceline alikuwa anaita, anauliza kuna nini kinachoungua, na kwa nini nyumba nzima imekaa jikoni, na kama kuna mtu atakayekuja kumweleza. Tulitazamana, tusijue nani kati yetu anapaswa kuitika.